Mwacheni Amalize: Barua kutoka Parel

Mumbai, Julai

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza wote wawili, mdogo wako amelala chali na simu iko kifuani pake. Najua mlichokiona Ijumaa tulipopigiana simu ya picha: mashavu yameingia ndani, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na inachubuka, na mpira mwembamba umetoka puani, umebandikwa plasta shavuni. Najua pia kwamba mmekaa kikao, na neno lililopita ni kuwa arudi nyumbani, kama ni kufa afie kwao.

Sikulaumu, wifi. Wewe ndiye uliyemlea alipofiwa na mama, na katika ukoo mzima mwenye haki ya kwanza ya kusema juu yake ni wewe. Ndiyo maana sikutaka kujibu kwa simu, ambako tungelia tu. Nimeandika ili barua isomwe mbele ya mashemeji zangu wote, kila mtu ajue kinachofanyika huku kabla hamjaamua. Neno langu ni moja, nalisema mapema: hali ile mliyoiona haikuletwa na ugonjwa, imeletwa na dawa, na dawa hii haifai kukatizwa.

Tumepanga chumba Parel, mtaa ambao zamani ulikuwa wa viwanda vya nguo. Hospitali ya Tata Memorial, iliyofunguliwa hapa mwaka 1941, ndiyo iliyowavuta wagonjwa wa saratani kutoka kila pembe ya India, na waliokosa pa kulala hujitandikia kando ya barabara chini ya maturubai. Sisi tunatibiwa hospitali nyingine, ndogo, lakini tunaishi katikati ya watu hao. Mwanao wa Maskati ndiye anayelipa, na ndiye aliyechagua huku, kwa kuwa kutoka kwake ndege haichukui hata saa tatu. Asije mtu akadhani kwamba bila pasipoti hakuna tiba. Ocean Road pale Dar es Salaam ni taasisi ya saratani tangu 1996, na tiba hii ninayoieleza, mionzi pamoja na dawa ya dripu, inatolewa pale pia.

Mvua imetukamata tangu Juni. Ni upepo wa kusi uleule unaovuma kwetu Tanga, ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi huku baada ya kuja kwetu na kaskazi. Ukifika pwani hii umebeba maji ya bahari nzima, unayamwaga usiku na mchana. Barabara zinafurika, treni za mjini zinasimama. Kwa hiyo tulitafuta chumba ambacho hospitali iko mwendo wa miguu, kwa sababu mgonjwa wa mionzi hana ruhusa ya kukosa siku yake.

Sasa niueleze ugonjwa wenyewe, maana nasikia huko watu wanasema saratani ya koo kana kwamba ni moja. Mdogo wako haumwi umio, njia ya chakula. Anaumwa zoloto, pale palipo na nyuzi za sauti. Ndiyo maana jambo la kwanza kupotea lilikuwa sauti, ile sauti iliyokuwa ikisikika mnada mzima wa samaki pale Deep Sea.

Mnanijua, mimi ni mwalimu wa historia. Usiku akipata usingizi humfikiria Friedrich III, Kaisari wa Ujerumani. Alikalia kiti mwaka 1888 akiwa na ugonjwa huuhuu. Alikuwa amekwisha tobolewa tundu shingoni apate kupumua, sauti hana, anatoa amri kwa kuandika kwenye vikaratasi. Alitawala siku 99, akafa Juni mwaka huohuo. Mwanawe ni yule Wilhelm II ambaye bendera yake ilipandishwa Tanga. Mtu huyo alikuwa na madaktari wakubwa wa Ulaya kando ya kitanda chake, lakini Röntgen alikuwa bado hajagundua eksirei, aliigundua 1895. Dalali wa samaki wa Tanga amefikiwa na tiba ambayo Kaisari hakuipata, wifi, na mimi siwezi kuichukulia neema hiyo kama jambo dogo.

Madaktari walitupa njia mbili. Ya kwanza ni kuliondoa zoloto lote, mtu akabaki anapumulia tundu la shingoni maisha yake yote. Ya pili ni mionzi na tibakemia, ile watu wanayoiita kemo, vikienda pamoja, zoloto libaki mahali pake. Njia hii ya pili haikuzuka jana. Mwaka 1991 huko Marekani ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wastaafu: waliotibiwa kwa kemo na mionzi waliishi sawa na waliofanyiwa upasuaji, na karibu theluthi mbili yao walibaki na zoloto lao. Mwaka 2003 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba dawa hizi mbili zikitolewa kwa pamoja, zoloto huokoka zaidi. Mdogo wako alisoma karatasi zote, akaweka kidole kwenye njia ya pili. Daktari alimwambia waziwazi kuwa ni njia ngumu, akakubali.

Uliniuliza kwa ukali, meno yanahusiana nini na koo, hata wakamng'oa magego kabla ya tiba kuanza. Jibu ni hili. Taya lililopigwa mionzi halina tena damu ya kutosha ya kujiponya. Jino bovu likija kung'olewa baadaye, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukaanza kufa. Kwa hiyo magego yaliyooza hutolewa kwanza, fizi zikapona, ndipo mionzi ianze.

Baada ya meno wakamtengenezea barakoa. Nilikuwepo, niliona. Wanachukua bapa la plastiki nyeupe lenye matundu madogomadogo, wanalitumbukiza kwenye maji moto mpaka linalegea na kuning'inia. Mafundi wawili wakalishika huku na huku, wakalivuta juu ya uso wake na shingo mpaka mabegani, wakalikandamiza kwa viganja penye pua, kidevu na kichwa cha zoloto. Likapoa, likakauka, likawa sura yake: pua yake, nyusi zake, mpaka ule mkunjo wa kidevu cha baba yenu. Kila siku humvalisha hiyo, wakaifunga kwenye kitanda cha mashine kwa vibanio, ili shingo isisogee hata kidogo. Alama za kulengea mionzi zimechorwa juu ya barakoa, hivyo hachorwi ngozi ya uso. Siku za mwanzo mikono yake ilikuwa inatetemeka anapofungwa. Sasa hufumba macho, akavuta uradi wake wa asubuhi mpaka wanapomfungua.

Mashine yenyewe haiumi. Wahudumu wanatoka chumbani, mkono mkubwa wa chuma unamzunguka, unanguruma kidogo, baada ya dakika chache basi. Hakuna mwanga unaouona, hakuna joto. Mpango wa kawaida wa ugonjwa huu ni mara 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Kila mara hupewa kipimo cha Gray 2, jumla Gray 70. Maumivu huja baadaye, taratibu, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanapopotea. Wiki mbili za kwanza mlimwona anacheka, mkasema tiba nyepesi. Kuanzia wiki ya tatu utando wa ndani ya koo unachubuka, mate yanakuwa mazito kama ute wa yai kisha yanakauka, ladha inakufa. Pweza, uji, maji, vyote anasema vina ladha ya chuma. Nywele za kichwani anazo, mmeziona, ila ndevu za chini ya kidevu zimepukutika pale mionzi inapopita.

Kemo nayo ina siku zake. Dawa inaitwa sisiplatini, na ndani yake mna madini ya platini, yale ya kutengenezea vito. Katika miaka ya 1960, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan State, mtafiti Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria kwa kutumia vipande vya platini. Akaona bakteria wamekoma kugawanyika, wanarefuka tu. Alikuwa anachunguza umeme, kumbe kinachowazuia ni platini iliyoyeyuka majini. Kitu kinachozuia chembe kugawanyika ndicho saratani inachokiogopa, na kufikia 1978 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kutibu binadamu. Kwa mdogo wako kazi yake ni kuidhoofisha saratani ili mionzi iipate vizuri.

Lakini ni dawa kali kwa figo na masikio. Kabla ya kila dozi wanapima damu waone figo zinafanyaje kazi, kisha wanamwekea dripu za maji, chupa baada ya chupa, kabla ya dawa na baada yake, na mimi napima mkojo wake kwenye jagi na kuandika. Kuna dawa ya kuzuia kutapika, inasaidia ingawa haimalizi kichefuchefu. Masikio yameanza kumvumia kidogo, nimemweleza daktari, wanayafuatilia.

Hapa ndipo nikuombe radhi kwa jambo la mizizi uliyoitafuta mpaka Lushoto. Nimeihifadhi sandukuni, sijampa, na sitampa. Si kwamba naidharau. Figo zake sasa zinachuja dawa yenye sumu kali, hazina nafasi ya kuchuja kitu kingine ambacho daktari hakijui kipimo chake. Mafuta nayo hayapakwi shingoni kabla ya mionzi, wala marashi, wala wembe haugusi pale. Dua ndiyo inayoingia mwilini bila kugombana na dawa yoyote. Hiyo ongezeni, na shehe aendelee na kisomo cha Alhamisi.

Sasa ule mpira wa puani uliowatia hofu. Ule si mpira wa mtu anayekata roho. Unapita puani mpaka tumboni, na kazi yake ni kumlisha wakati koo ni kidonda. Alikuwa anakaa na kikombe cha uji tangu adhuhuri mpaka alasiri, kila funda machozi yanamtoka, na mizani ikawa inashuka. Mgonjwa akikonda mno, barakoa inalegea usoni na mionzi inaweza kukosa shabaha. Akiishiwa maji mwilini, kemo inasimamishwa. Kwa hiyo chakula huku ni dawa ya tatu, na mwenye kuitoa dawa hiyo ni mimi.

Jikoni kuna mama mmoja kutoka Bihar anayemuuguza mumewe. Hajui Kiswahili, mimi sijui Kihindi. Alinishika mkono akanionyesha: wali na choroko vipikwe mpaka vipondeke, vitiwe kwenye blenda na maziwa na samli kidogo, vichujwe kwa kitambaa chembamba, maana punje moja ikikwama inaziba mpira. Kisha mgonjwa anakaa wima, halali. Unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unasukuma polepole, ukimaliza unapitisha maji safi mpira usafike. Nusu saa nzima asilale. Nafanya hivyo kila baada ya saa chache, na kati yake anasukutua kwa maji yenye chumvi na magadi ya kuokea. Dafu namnunulia nje ya lango la hospitali, daktari ameliruhusu.

Hata hivyo tabibu wa mazoezi ya kumeza amekataza kabisa koo lisipumzishwe lote. Misuli ya kumeza ikikaa bila kazi husahau kazi yake, na wako watu waliopona saratani wakabaki na mpira maisha. Kwa hiyo kila siku, kabla ya dawa ya maumivu kuisha nguvu, anakunywa maji kwa kijiko cha chai. Ninamtazama: anainamisha kidevu kifuani, anafumba macho, anashika ukingo wa meza, anameza. Anapumua. Anachovya tena. Mtu aliyekuwa akila wali wa nazi sahani mbili sasa anapigania kijiko cha maji, na hakuna siku aliyosema hawezi. Wifi, kama mngemwona wakati ule badala ya kumwona amelala, msingesema amekata tamaa.

Dawa ya maumivu anayopewa ni mofini ya maji. Kaka yenu mkubwa aliniuliza kama hatazoea. Daktari ametueleza kwamba hupunguzwa hatua kwa hatua koo linapopona. Bila hiyo hawezi kumeza, na asipomeza yote mengine yanaharibika.

Nirudi kwenye neno la kikao. Kwa nini tusipumzike wiki mbili, arudi apate nguvu, kisha amalizie? Nilimuuliza daktari swali hilo kwa niaba yenu, akachukua kalamu akanichorea. Mionzi hupewa kidogo kidogo kila siku kwa sababu chembe nzima hujirekebisha usiku, na za saratani haziwezi kujirekebisha kwa ubora huo. Kila siku mwanya kati ya hizi na zile unaongezeka. Lakini chembe za saratani zilizobaki, zikishapigwa kwa wiki kadhaa, nazo huanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Ukisimama hapo ni kama kuacha palizi katikati ya masika: unarudi shambani ukakuta yaliyobaki yameota upya, na mwili hauwezi kupewa mionzi mara ya pili kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Hata siku moja ikikosekana kwa sababu ya mashine au sikukuu, hapa hutafuta namna ya kuifidia. Kumrudisha sasa ni kumbakizia machungu yote ya tiba na kumnyima faida yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwenyewe nilimpa daftari aandike anachotaka, kwa kuwa sauti kwa sasa ni mnong'ono. Aliandika kwa mwandiko wake ule wa kuandikia bei: "Mwambie dada nimalize. Nikija nimemaliza, nitakula chakula chake." Daftari lipo, nimelipiga picha, nimewatumia.

Mjiandae na jambo moja zaidi. Siku ya mwisho ya mionzi haitakuwa siku ya kupona. Mionzi huendelea kufanya kazi mwilini, na wiki moja au mbili baada ya kumaliza ndizo huwa mbaya kuliko zote. Baada ya hapo koo huanza kufunga, mpira hutolewa, chakula laini kinarudi. Ladha huchukua miezi. Mate huenda yasirudi yote, atatembea na chupa ya maji. Picha ya kuona kama saratani imekwisha hupigwa karibu wiki 12 baada ya mionzi, kwani mapema zaidi uvimbe wa tiba huweza kudanganya. Sina ahadi ya kuwapa kuhusu picha hiyo, na daktari hakunipa. Ninachoweza kuwaahidi ni kwamba hakutakuwa na kitu tulichokiacha nusu.

Nawaomba mambo machache. Nauli mliyochanga ya kumrudisha isitumwe, iwekwe, itatufaa kwenye vipimo vya baadaye na meno. Akipigiwa simu, asiulizwe maswali ya kujibu kwa sauti. Mpeni habari za nyumbani, nani kavua nini, bei ya nguru, mtoto wa nani kaoa. Anapenda kusikia, na koo lipumzike.

La mwisho ni la vijana wetu. Sigara aliianza akiwa kijana sokoni, na moshi ndio sababu kubwa ya saratani hii. Pombe ikiungana nao hatari inazidi. Tambuu nayo haina usalama. Popoo peke yake, bila tumbaku, ilitajwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani. Jimbo hili la Maharashtra lilipiga marufuku gutka, ile popoo ya pakiti yenye tumbaku, tangu 2012, kwa sababu ya vinywa na makoo yanayojaa mtaa huu ninaokaa. Waambieni wanaokaa barazani na vijaluba. Na yeyote ambaye sauti imemkwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona, au ana uvimbe shingoni, au chakula kinamkwama, asinunue tena vidonge dukani. Aende hospitali ya Bombo, aombe kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, achunguzwe kwa kamera. Shemeji mdogo, hili nalisema kwako kwa jina la udugu wetu: nimekusikia kwenye simu, sauti yako ina mkwaruzo tangu mfungo. Nenda wiki hii.

Nasubiri jibu la kikao, wifi. Naomba liwe kwamba mmeridhia amalize, na ulitamke wewe kwa sauti yako, nimwekee simu sikioni asikie.

Wifi yako,
Parel